Waliokuwa Ndani ya Chumba cha Mwali

Katika matanga ya Wambui, huko Kawangware, walinipa maikrofoni bila kunionya. Nilikuwa nimekaa chini ya hema na sahani ya mukimo mapajani, nikihangaika na punje za mahindi kwa meno yangu haya yaliyobaki, mara mtoto wake wa kwanza, Kamau, ambaye siku hizi naye ni mzee wa mvi, akanishika mkono na kuuinua mbele ya watu wote. "Huyu ni Mama Kaltuma wa Kibra," akasema. "Ile wakati ya Hali ya Hatari, mkoloni akikamata Wakikuyu, mama yetu angebebwa. Huyu mama alimficha. Alitetea haki za binadamu kabla sisi tujue hiyo kitu inaitwa aje." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitazama maikrofoni, nikasema Wambui alikuwa rafiki yangu na kwamba alipenda chai ya sukari nyingi, kisha nikairudisha. Nadhani walifikiri nimezidiwa na huzuni. Huzuni nilikuwa nayo, na bado ninayo, lakini iliyonifunga mdomo haikuwa hiyo. Nimezeeka hivi, nimezika karibu kila niliyemjua, na mwaka ule bado sijauelewa.

Rehema, mjukuu wangu anayefanya kazi kwa mawakili, ndiye aliyenirudisha nyumbani, naye hakunisaidia. Ananiita Haboba, kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu. "Haboba," akaniambia, "leo wamekusifu kwa haki ya yule mama. Na ya kwako ilitetewa na nani? Si uliozwa bila kutaka?" Nikamwambia aangalie barabara. Kutwa nzima nikabaki na maneno ya hao wawili. Kamau anasema siku ile haki ilishinda. Rehema anasema siku ile ile haki ilikanyagwa. Wote wawili wanazungumzia chumba kimoja, mlango mmoja na mimi mmoja, na nikijaribu kuyaweka maneno yao pamoja hayakai. Basi nitasimulia nilichokiona na kukisikia, na mwenye akili kuliko mimi apange mwenyewe.

Chumba kilikuwa cha Haboba Mastura, bibi wa mtaa aliyewatunza mabinti wanaoolewa, katika Kambi Muru, upande ambao mahindi yalikuwa yakifika hadi ukutani. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, na baraza pana mbele. Ndani ya chumba mlikuwa na kitanda cha kamba kilichoinuliwa juu ya matofali, sanduku la bati, mikeka, na shimo dogo sakafuni ambamo vigogo vya mti wa kunukia viliteketea polepole mchana kutwa. Mwali wa Kinubi alikaa juu ya shimo hilo amejifunika blanketi zito, moshi ukimpanda mwilini mpaka ngozi ibadilike rangi na inukie kwa miezi. Baada ya moshi alisuguliwa kwa unga wa harufu uliokandwa kwa mafuta. Nilikuwa nimekaa humo kwa wiki kadhaa, nikitoka nyuma ya nyumba tu, nimefunikwa gubigubi. Mwanamume haingii chumba cha mwali. Baba haingii, kaka haingii, shehe mwenyewe husimama nje ya pazia na kukohoa ili ajulikane yupo. Haboba Mastura alikuwa amewatayarisha wasichana wa nusu ya Kibra, na sikumbuki kumsikia akieleza sababu ya sheria hiyo. Kwake haikuhitaji sababu, kama vile hakuna anayeeleza kwa nini hatuli udongo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kukataa. Bwana harusi, Abdalla, karani wa stesheni aliyenizidi umri kwa miaka mingi, sikumchukia. Sikumjua. Nilitaka kurudi shule, na baada ya shule nisomee uuguzi. Mwalimu wetu alikuwa ametusomea gazeti lililosema mataifa ya dunia yamekaa na kukubaliana kwamba kila mtu huzaliwa na haki zake, awe nani, na kwamba hata ndoa haifungwi mpaka wote wawili waridhie. Hilo la ndoa halikunishangaza, maana madrasa nako tulikuwa tumefundishwa kwamba msichana lazima aulizwe. Msichana mmoja akauliza kama Wakikuyu nao wamo katika hilo gazeti, kwa sababu siku hizo walikuwa wakisimamishwa kila njia panda. Mwalimu akasema, "Wamo. Wote wamo." Kisha akalikunja gazeti na kutuambia tutoe vitabu vya hesabu. Mimi nikakaa na lile la ndoa tu. Siku ya nikahi walii, msimamizi wangu wa ndoa, angekuja na mashahidi mlangoni aniulize, nami ningesema sitaki. Kila nilipokaa juu ya moshi nililifanyia mazoezi neno hilo, kwa sauti ya chini, ya kati, ya juu.

Wambui alikuwa akituletea nduma na mboga kutoka Kawangware, akikatiza msituni na mashambani na kiondo kimening'inia mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na Kiswahili kichache, mama wa watoto wadogo aliowaacha na nyanya yao kila alipokuja kuuza. Asubuhi moja, siku chache kabla ya nikahi yangu, tulisikia firimbi na magari upande wa reli. Msako. Kipande chake, ile hati ya kutembea, hakikuwa na muhuri uliotakiwa, na Mkikuyu asiye na muhuri alijua anakokwenda. Alikiacha kiondo barazani, akapita ukumbini mbio, na bila kuuliza mlango upi ni wa nini akaingia kwangu. Haboba Mastura alikuwa akinisugua mgongo. Alimtazama Wambui, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyojaa mafuta, akamwambia, "Ingia chini ya kitanda. Usikanyage bakuli yangu."

Kilichofuata nilikisikia tu, kwa kuwa mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimejifunika blanketi. Viatu vya askari barazani. Sauti ya afisa wa Kizungu. Na sauti niliyoijua tangu utotoni, ya Baba Mdogo Farajala, koplo wa jeshi, ambaye, baba yangu akiwa amekwisha kufariki, ndiye aliyekuwa walii wangu katika ndoa hiyo. Moshi ulikuwa umejaa chumbani, na Wambui, ambaye hakuuzoea, akaanza kukohoa. Haboba Mastura akakohoa kwa nguvu kumpita, kikohozi kirefu kama mgonjwa wa kifua, huku akinionyesha kwa mkono nami nikohoe. Tukakohoa wote watatu. Baba Mdogo akasema nje ya pazia, "Haboba, afande anataka kuangalia ndani."

"Ndani iko mwali," akajibu Haboba.

"Nimemwambia. Anasema ni amri."

"Mwambie hata yeye aliwekwa ndani ya tumbo ya mwanamke. Hapa mwanaume haingii mpaka nikahi ifungwe. Wewe Farajala ukitaka kuingia, ingia, na siku ya kufa wako nani atakuosha, mimi sijui."

Kisha nikamsikia Baba Mdogo akizungumza na afisa kwa Kiingereza chake cha kambini. Alisema kwamba sisi ni watu wa serikali, wazee wetu waliipigania, na kwamba wakiingia humo kesho hakuna kijana wa Kibra atakayevaa sare. Afisa akauliza kuhusu kiondo. Baba Mdogo akasema ni chakula cha harusi. Wakakubaliana kwamba chumba kitatazamwa baada ya nikahi, kitakapokuwa chumba kama vingine, na askari wakawekwa kwenye njia zote za kutoka kijijini. Baba Mdogo alijua kiondo cha ukanda wa kichwani ni cha nani. Aliwahi kula nduma hizo mwenyewe. Na siku hiyo hiyo, wanawake waliokuja jioni wakasema walimwona kwa macho yao akimpiga mzee mmoja kitako cha bunduki kwa sababu alichelewa kupanda lori. Sijui niwaweke wapi watu hao wawili waliokuwa ndani ya sare moja. Nilimpenda Baba Mdogo mpaka alipokufa, na bado sijui.

Basi tukawa watatu katika chumba cha mmoja. Haboba aliingiza chakula mara mbili ya kawaida na kusema mwali ana njaa ya furaha. Tulikula gurusa, mkate wetu mnene wa kukaangwa, tukichovya kwenye mchuzi wa bamia kavu. Wambui bamia hakuiweza, ilivyovutika kwenye vidole vyake akaiangalia kwa shaka mpaka mimi nikacheka, naye akacheka, Haboba akatupiga wote wawili kwa kanga. Mchana Wambui alilala chini ya kitanda, mimi juu yake, na kati yetu kamba tu. Nilisikia pumzi zake. Mara moja nikamuuliza Haboba kwa nini anafanya hivi. Wazee wetu wote walikuwa wakisema Wakikuyu wanaitaka ardhi ya Kibra, yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo kila wiki. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kijinga. "Ameingia kwa nyumba," akasema. "Mtu akishaingia kwa nyumba ni wetu." Nikamuuliza, na kama hangeingia? Kama angekimbilia kwenye mahindi? Akaendelea kukanda unga wake wa harufu. Hakukasirika. Nadhani swali halikumfikia kabisa, na miaka yote hii limebaki kwangu, kwa sababu wale waliojificha kwenye mahindi walitolewa, na walikuwa watu kama Wambui.

Wanawake wa jirani walikuja kila siku kushona na kuimba katika chumba cha pili, nao hawakujua kuna mtu zaidi yangu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulisikia mambo mengi kupitia humo: nani ana mimba, sukari imepanda, doluka, ngoma yetu ya harusi, itapigwa na nani siku yangu. Na asubuhi ya nikahi tukamsikia mmoja akisema, "Kawangware wamezoa kila mtu. Hata nyanya na watoto. Wako kwa lori pale uwanjani karibu na reli, tangu jana, wanalia, hakuna maji. Watapelekwa rizavu ya Wakikuyu huko mbali." Mwingine akasema, "Mungu awaone," na wakaendelea kushona. Chini yangu kamba za kitanda zikatikisika. Nikainama, nikaona uso wa Wambui umelowa, mdomo wazi, na mkono wake mmoja umeshika ukingo wa kitanda kana kwamba anajivuta nje. Nikaweka kidole midomoni mwangu. Akanitazama kwa muda mrefu. Nikaweka tena. Akarudi ndani.

Haboba alikuwa amekwisha kunieleza mpango. Nikahi ikishafungwa, wanawake wote wangeingia chumbani kwa vigelegele, wanifunike, na tutoke kwa maandamano hadi kwa bwana harusi, wote tumejitanda gurbaba, vazi letu la kufunika kichwa na mwili. Wambui angevishwa gurbaba na kutembea katikati yetu. Askari hawafunui wanawake wa harusi ya koplo. "Ukishafika kwa Abdalla mambo yamekwisha," alisema. Nikamuuliza kama Abdalla anajua. "Atajua akimwona," akajibu. Hakuniuliza kama mimi namtaka Abdalla. Alikuwa ameweka maisha yake rehani kwa ajili ya mwanamke muuza nduma, na hakuwahi kufikiri kwamba msichana aliyekuwa akimsugua mgongo kila siku ana neno tumboni. Nami niliona kilichoko mbele yangu. Nikisema sitaki, hakuna nikahi, hakuna maandamano, hakuna mwali. Kuna chumba tu, na askari wanaorudi barazani.

Wakaja baada ya sala ya adhuhuri. Nikasikia viatu vya Baba Mdogo, na kanzu za mashahidi wawili, na kikohozi cha adabu nje ya pazia. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu yangu iliyotiwa hina ikining'inia mbele ya macho ya Wambui. "Kaltuma binti wa ndugu yangu," akasema Baba Mdogo, "unaniruhusu nikuozeshe kwa Abdalla?" Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa limekuja mpaka kwenye ulimi. Akauliza mara ya pili, na sauti yake haikuwa ya koplo, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua. Nilimsikia Wambui akivuta pumzi chini yangu. Mara ya tatu akauliza polepole zaidi, akangoja kupita desturi, mpaka shahidi mmoja akasema, "Amenyamaza. Mwanamwali akinyamaza amekubali." Wakaondoka. Haboba akanibusu kichwani, akilia kwa furaha, na nilihisi hasira ambayo mpaka leo sijui nilikuwa nimemkasirikia nani. Punde zikaingia sauti za wanawake na vigelegele, na Wambui akatolewa uvunguni, akafungwa gurbaba ya njano, akashikwa mkono huku na huku na wanawake walioelewa mara moja na hawakuuliza kitu. Tukapita mbele ya askari. Mmoja wao alitupigia makofi.

Na sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Abdalla alipofunua gurbaba ile ya pili nyumbani kwake na kumwona mwanamke wa Kikuyu, alikaa chini, akafuta miwani yake, akasema, "Basi tutamwita Mariamu." Akamweka kwetu hadi hatari ilipokwisha, akijua kwamba karani wa serikali akikamatwa na jambo hilo hana kazi na pengine hana uhuru. Alikuwa mume mpole. Shule sikurudi, uuguzi sikuusomea, na yeye alinipa kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu hakujua kwamba nilikitaka. Rehema akiniambia niliozwa bila kutaka, mimi humwambia babu yako alikuwa mtu mwema, naye husema, "Wema wake haukuhusu swali." Ni kweli, haukuhusu. Lakini nikijaribu kumwonea uchungu msichana yule aliyenyamaza, namwona pia mtu aliyekuwa chini ya miguu yake, na uchungu wenyewe unapotea njia.

Kwa miaka mingi, hali ilipotulia na Wambui akarudi kwao, tulitembeleana. Mimi nilikwenda na gurusa, yeye alikuja na nduma. Hatukuzungumza juu ya chumba kile. Watu wakidhani marafiki wa namna hiyo huongea juu ya siku zao kubwa, wanakosea, sisi tuliongea juu ya magoti na bei ya unga. Ila mwaka jana, akiwa tayari hatoki kitandani, nilikaa naye chumbani kwake Kawangware, mtoto wa Kamau akatuletea chai, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa nimepanga kukataa, na kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Labda nilitaka anishukuru. Labda nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue kwamba niliacha kitu.

Hakunishukuru. Alikiweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa nataka kutoka," akasema. "Nilisikia wale wanawake. Lori ilikuwa na watoto yangu."

"Wangekubeba, Wambui."

"Wangenibeba na wao." Akakisogeza kikombe kando. "Unajua Njeri alikufia huko. Alikuwa na miaka mbili. Nyanya yake anasema alikuwa analia akiniita mpaka sauti ikaisha. Ningekuwa hapo. Pengine angekufa tu. Lakini ningekuwa hapo."

Nilikuwa nikijua kwamba mtoto wake mdogo alikufa rizavu. Sikuwahi kuiunganisha siku ya lori na siku ya nikahi yangu, ingawa ilikuwa siku moja na mimi ndiye niliyelala juu ya kamba zile zilizotikisika. Nikamwambia nilimwashiria anyamaze kwa sababu nilitaka aishi. Nilitaka kuongeza kwamba Kamau na nduguye walimpata mama yao baadaye akiwa mzima, na kwamba kati ya waliopelekwa kizuizini wengi hawakurudi.

"Najua kwa nini," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Alinishika mkono kwa vidole vyake vinene, ambavyo sasa vilikuwa vimekauka. "Mimi sikulaumu, Kaltuma. Lakini hukuniuliza."

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba hata mimi siku ile hakuna aliyeniuliza. Nikaufunga. Mimi niliulizwa mara tatu.